Kisima Hakichagui: Dawa Tunazomeza na Maji Tunayokunywa Mwabungo

Mwaka 1997 mwanasayansi Mkenya, Mwakio Tole, alichapisha utafiti kuhusu maji ya ardhini ya Kwale ya pwani. Katika visima vya pampu alivyopima, asilimia 13 vilikuwa na E. coli, yaani bakteria wa kinyesi. Kwenye chemchemi ikawa asilimia 30. Kwenye visima vya wazi, asilimia 69. Halafu akaongeza jambo ambalo ndilo limenifanya nikae chini niandike: kwenye mwamba wa matumbawe, uchafu wa chooni ulikuwa unafika kisimani hata kutoka umbali wa mita 150.

Sasa hebu tazama tunapokaa. Ukitoka Diani, Galu, Kinondo mpaka kwetu Mwabungo, huu ukanda wa baharini ni matumbawe. Ukichimba shimo la choo unagonga jiwe lenye matundu kama sifongo. Utafiti wenyewe una umri mkubwa kuliko wangu. Nimeuliza wazee watatu waliowahi kukaa kwenye kamati za maji kama walishawahi kuusikia, na hakuna hata mmoja.

Naanzia hapo kwa sababu siku hizi kuna video zinazunguka ati maji yetu yana dawa za ukimwi, ati kuna watu wanatulisha vidonge kwa siri. Nimezitazama. Ndani yake kuna chembe ya ukweli iliyopakwa uongo mwingi. Ukitaka kuitoa hiyo chembe lazima ujue historia ya maji yetu, na historia hiyo si ndefu. Bibi zetu wanaikumbuka yote.

Kabla ya pampu, watu wa huku walikunywa visima vya wazi, chemchemi, na maji ya mabwawa. Mabwawa yalikuwa na kichocho. Msambweni ilijulikana sana kwa hilo, na tangu miaka ya 1980 watafiti walipiga kambi huko wakiwapima watoto wa shule mkojo na kuwapa dawa. Ukisikia mzee anasimulia jinsi alivyopewa vidonge shuleni, ndiyo hiyo. Kipindupindu nacho kiliingia Kenya mwaka 1971, na tangu hapo hakijawahi kutuaga kabisa. Serikali ikaahidi mwaka 1974 kwamba ifikapo mwaka 2000 kila Mkenya atakuwa na maji safi. Mwaka 2000 ulipita. Ahadi nayo ikapita na mwaka wake.

Lakini kuna kitu kilifanyika hapa kwetu ambacho dunia nzima ilikuja kujifunza. Mwaka 1983, kwenye ule muongo wa Umoja wa Mataifa wa maji na usafi, mradi wa pampu za mkono ulianza hapa pwani ya kusini. Shirika la KWAHO likatumwa kufanya kazi na wanakijiji. Jambo lililokuwa geni ni kwamba kazi ya kutunza pampu walipewa wanawake. Walifundishwa kuifungua, kubadilisha mipira iliyochakaa na kuirudisha. Kamati zikaweka hela, zikafungua akaunti benki, na wanawake wakashika uhazini. Kuna waume walicheka. Pampu zilipoanza kutengenezwa bila kungoja fundi wa serikali kutoka Mombasa, kicheko kikaisha.

Pampu ya Afridev, ambayo leo utaikuta nchi nyingi za Afrika na hata Asia, ilijaribiwa na kurekebishwa kwenye visima vya Kwale. Bomba lake la chini ni la plastiki, kwa sababu chuma kwenye maji yenye chumvi huliwa upesi. Vipuri vyake vilipangwa ili mwanakijiji aweze kuvibadilisha mwenyewe. Mimi nikiona Afridev kwenye picha za nchi nyingine huwa najisikia kama nimekutana na mtu wa kwetu.

Na mradi ulisaidia, hilo tusilikatae. Rudi kwenye hesabu ya Tole: visima vya wazi asilimia 69, vya pampu asilimia 13. Kufunika kisima na kuweka pampu kuliokoa matumbo ya watoto wengi. Kosa liko kwingine. Tulidhani kisima kikishafunikwa juu kimefungwa pande zote. Chini kilibaki wazi.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo mambo yote yanapokutana. Kanuni inayotumika sana kwenye miradi ya vyoo ni kuweka mita 30 kati ya choo na maji. Kwenye udongo mzuri wenye mchanga laini, mita 30 zinaweza kutosha, kwa sababu maji yanapita polepole na bakteria wanafia njiani. Kwenye matumbawe maji hayachujwi hivyo. Yanapita kwenye nyufa na matundu, yanafika yakiwa bado na vyote yalivyobeba.

Sasa chukua ploti yetu ya kawaida, futi 50 kwa 100. Hiyo ni kama mita 15 kwa 30. Ukiweka choo kona moja na kisima kona ya mbali kabisa, kati yake ni mita 34 hivi. Umetii kanuni, lakini hujafika hata robo ya mita 150. Na duara la mita 150 kuzunguka kisima kimoja lina zaidi ya ekari 17. Ukizikata zote ploti za 50 kwa 100 unapata ploti kama 150. Kila ploti na choo chake. Mwaka 1983 hapakuwa na ploti hizo, palikuwa na minazi na mikorosho. Leo tunauza shamba kipande kipande, tunajenga vyumba vya kupangisha, na kila mpangaji lazima aende haja.

Basi hapo ndipo dawa zinapoingia. Ukimeza kidonge, mwili hautumii chote. Sehemu fulani hutoka na mkojo na choo, nyingine ikiwa vilevile ilivyoingia. Wazungu waligundua hili mapema, na waligundua kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa Berlin walikuwa wakitafuta dawa ya kuua magugu kwenye maji ya ardhini. Wakakuta kitu kinachofanana nayo. Kumbe ilikuwa asidi ya klofibriki, mabaki ya dawa ambayo watu walimeza kupunguza mafuta kwenye damu. Berlin inachota maji yake ardhini, na ardhi hiyo inapokea maji ya mito na maziwa yanayoingiziwa maji taka yaliyosafishwa. Watu walikuwa wanakunywa vidonge vya wenzao. Na hiyo ni Ujerumani, yenye mitambo.

Kenya nayo imepimwa. Watafiti wakiongozwa na Kenneth K'oreje walichukua maji ya Nairobi na Kisumu, wakachapisha matokeo mwaka 2012 na 2016. Walikuta dawa za maumivu, dawa za kuua bakteria, na ndiyo, dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi kama lamivudini na nevirapini. Mitoni zilikuwa nyingi. Kwenye visima vifupi ambavyo watu wanachota zilikuwa kidogo, lakini zilikuwepo, na vyoo vya shimo vikatajwa miongoni mwa njia zilizozifikisha huko. Mwaka 2022 utafiti wa dunia nzima, mito 258 katika nchi 104, ulikuta wastani mbaya kabisa Lahore, La Paz na Addis Ababa. Ni miji yenye watu wengi wanaomeza dawa na mifumo midogo ya kusafisha maji taka.

Hiyo ndiyo chembe ya ukweli kwenye zile video. Hakuna mtu anayekulisha. Ni choo changu, choo chako, na jiwe lenye matundu.

Je, tutakufa? Twende polepole. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2012 likasema dawa zinazopatikana kwenye maji ya kunywa kwa kawaida ni chini ya dozi ndogo kabisa ya tiba kwa zaidi ya mara 1,000. Piga hesabu mwenyewe: maji yakiwa na paracetamol sehemu ya kumi ya mikrogramu kwa lita, ili umalize kidonge kimoja cha miligramu 500 itabidi unywe lita milioni 5. Hata ukipewa miaka elfu hutamaliza. Kwa hiyo yule jamaa anayesema ukinywa maji ya kisima unatibiwa malaria bure, mwambieni akapumzike.

Lakini ripoti ile ilitegemea zaidi vipimo vya nchi zenye mitambo ya kusafisha maji. Kisima cha kwetu hakina mtambo. Tena kuna jambo la dawa za kuua bakteria. Ndani ya shimo moja unakuta bakteria wa kinyesi na mabaki ya dawa zinazopaswa kuwaua, dozi ndogo isiyotosha, siku baada ya siku. Bakteria wakikaa na adui dhaifu muda mrefu, wale sugu ndio wanaobaki na kuzaana. Tukizoea kununua amoxicillin vidonge vinne kwa kemisti kila tukikohoa, tunawapelekea shimoni mazoezi ya bure.

Na hapa niseme neno kwa ukali kidogo. Mtu asichukue habari hii akaenda kuwanyooshea kidole wanaotumia ARV. Dawa hizo zimewaweka hai wazazi na ndugu zetu. Asiache mtu hata dozi moja kwa sababu ya kisima. Kama lamivudini imefika kisimani, shida ni umbali wa choo, na choo hicho kinatumiwa pia na wewe mwenye panadol na sukari.

Mimi naona mabaki ya dawa kama shahidi. Kidonge hakimei kwenye mwamba. Ukikikuta kisimani, ujue kimepita mwilini mwa mtu, na njia aliyopita shahidi huyo ndiyo njia wanayopita E. coli, kipindupindu na naitreti. Hao ndio wanaoua watoto leo. Kupima dawa kunahitaji maabara ghali. Kupima E. coli na naitreti ni rahisi zaidi, na kunakuambia jambo lile lile: choo na kisima vimeungana.

Kwa hiyo ninalolilia si mashine ya Ulaya. Ni karatasi. Tangu miaka ya 1980 watu wamekuja huku na vichupa. Wakapima mkojo wetu, wakapima maji yetu, wakaandika, wakaondoka. Visima vikabaki na sisi, majibu yakaenda na wao, yakalala kwenye majarida. Katiba ya 2010 inasema kwenye kifungu cha 43 kwamba tuna haki ya maji safi na salama, na kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tuzitumie zote mbili.

Naomba mambo manne. Kwanza, kila kisima cha umma Mwabungo kipimwe E. coli na naitreti mara mbili kwa mwaka, kiangazi na baada ya masika, na majibu yabandikwe hapo hapo kwenye pampu kwa Kiswahili. Pili, anayechimba choo ahesabu visima vya jirani, asihesabu chake tu, na mkutano wa kijiji uwe na ramani ya vyoo na visima. Tatu, dawa zilizoisha muda zisitupwe chooni. Ziulizieni zahanati au kemisti. Nne, endeleeni kuchemsha au kutia klorini. Haviondoi naitreti wala dawa zote, lakini vinaua bakteria, na bakteria ndio wa haraka.

Wanawake wa mwaka 1983 walifundishwa kufungua pampu wakati watu wakisema hawataweza. Kusoma karatasi ya majibu ya maji ni rahisi kuliko kuvuta fimbo za Afridev kutoka shimoni. Kamati zetu bado zipo, hata kama nyingine zimelala. Mkutano ujao wa maji mimi nitakuwepo, na hii ya 1997 nitakuwa nimeichapisha, nakala ishirini. Atakayetaka yake anitafute.