Nauli ya Mwanafunzi: Safari ya Masomo kutoka Nzega na Mabadiliko ya Mbeba Gharama

Utangulizi

Mijadala kuhusu usawa katika elimu ya juu nchini Tanzania huegemea zaidi udahili na ada. Safari ya kwenda chuoni na kurudi nyumbani hutajwa kwa nadra, ingawa kwa mwanafunzi anayetoka mbali na pwani nauli ndiyo gharama ya kwanza kulipwa, nayo haiwezi kusubiri. Insha hii inachunguza gharama hiyo kwa kuitazama Nzega, wilaya ya Mkoa wa Tabora. Hoja yake ni kwamba katika kila kipindi palikuwa na mtu au chombo kilichobeba gharama ya masafa, na kwamba uamuzi wa 1992 wa kuiachia familia nauli ya mwanafunzi uliifanya asili ya mtu kuwa kigezo cha gharama za masomo yake.

Msafara na msimu

Katika karne ya 19 eneo la Nzega lilikuwa sehemu ya Unyamwezi, kaskazini mwa Tabora, mji ulioitwa pia Kazeh. Hapo njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe. Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857, walifika Kazeh Novemba mwaka huohuo. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006, ameonyesha kwamba wapagazi waliobeba mizigo katika njia hiyo walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi na mila zao za kazi.

Mambo mawili katika mfumo huo yanahusu insha hii. Kwanza, msafiri hakujigharimia: mwenye msafara alitoa ujira na posho. Pili, Wanyamwezi wengi walisafiri wakati wa kiangazi na kujitahidi kurudi kabla ya msimu wa kulima. Safari ndefu iliendana na kalenda ya shamba.

Reli na shule ya Tabora

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Mwanza, lililokamilika 1928, lilipita Bukene na kuuacha mji wa Nzega kando. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, lakini mkazi wa Nzega alilazimika kwanza kufika kituoni.

Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa 1925, ililenga hapo mwanzo watoto wa watemi na jamaa zao. Julius Nyerere aliingia shuleni hapo 1937 akitokea Musoma, na 1943 akaenda Makerere nchini Uganda. Kijana wa Nzega aliyetaka kufika Makerere aliweza kwenda kwa reli hadi Mwanza, kisha kwa meli ya Ziwa Victoria. Njia ilikuwapo, wachache waliomudu kuitumia walihitaji mkono wa utawala wa wenyeji, wa misheni, au wa ukoo wenye uwezo.

Enzi ya waranti

Baada ya uhuru, mzigo huo ulichukuliwa na dola. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961 kama chuo kishiriki, kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Kuanzia 1974 serikali iligharimia masomo ya juu kwa ukamilifu, na mwanafunzi akatarajiwa kulitumikia taifa. Sehemu ya utaratibu huo ilikuwa waranti, hati iliyomwezesha mwanafunzi kusafiri bila kulipa nauli mwenyewe. Dar es Salaam iko karibu kilomita 900 kutoka Nzega kwa barabara. Kwa aliyeshika waranti, urefu huo ulimgharimu muda na uchovu, lakini haukumnyima nafasi. Mzazi wa Nzega na mzazi wa Kinondoni walilingana mbele ya chuo.

Uamuzi wa 1992

Sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu ilitekelezwa kwa awamu. Awamu ya kwanza, iliyoanza 1992, iliwataka wanafunzi na wazazi kulipia nauli ya kwenda na kurudi chuoni, maombi na usajili, ada ya umoja wa wanafunzi na amana ya tahadhari. Chakula na malazi vilifuata katika awamu ya pili. Nauli, kwa hiyo, ilikuwa miongoni mwa gharama za kwanza kabisa ambazo serikali iliacha kulipa.

Katika orodha hiyo ya kwanza, nauli ilitofautiana na malipo mengine. Usajili na amana vilikuwa sawa kwa wote, bali nauli ilikua kadiri nyumbani kulivyokuwa mbali. Kijuujuu sera ilimtendea kila mwanafunzi kwa kipimo kimoja, lakini kwa vitendo mkazi wa magharibi alichangia zaidi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, ilielekeza mikopo kwenye ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fedha za kujikimu hupatikana mwanafunzi akishafika na kusajiliwa chuoni. Kwa hiyo hata mwenye mkopo hutakiwa kuivuka nchi kabla ya kuupokea.

Msimu nao umegeuka. Katika miaka ya karibuni vyuo vikuu vimekuwa vikifunguliwa Oktoba au Novemba, mvua zinapokaribia au kuanza Nzega. Ni wakati ambao kaya ya mkulima inahitaji mbegu na nguvu kazi, huku mpunga na karanga za mavuno yaliyopita zikiwa zimepungua ghalani. Mpagazi alirejea shambani majira hayo. Mwanafunzi huondoka, na pengine ng'ombe au gunia huuzwa ili aondoke.

Hitimisho

Reli na barabara ya lami vimepunguza siku za safari, wala insha hii haipuuzi manufaa hayo. Hata hivyo, kupungua kwa muda hakukuwa kupungua kwa mzigo. Mwenye msafara, hazina za watemi, dola na hatimaye kaya vimepokezana gharama ileile, na kaya ndiyo yenye mfuko mdogo kuliko wote. Tathmini ya usawa inayohesabu ada na kuacha nauli itaendelea kumhesabu mwanafunzi wa Nzega kuwa amefika, kabla haijauliza amefikaje.