Kisima cha Ruma na Pampu ya Kwale

Ramadhani ikiingia tu, kisa cha Kisima cha Ruma hakikosi kusimuliwa misikitini. Unakijua: Madina, maji matamu yanauzwa, asiye na pesa anabaki na kiu yake. Mtume (S.A.W.) akatoa ahadi ya pepo kwa atakayekitoa kwa Waislamu, na Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua. Katika riwaya moja mashuhuri alinunua nusu kwanza, kwa dirham 12,000, wakawa wanapokezana zamu na mwenyewe siku kwa siku. Siku ya Uthman watu wakachota ya siku mbili, bure! Mwenye nusu ya pili akakosa wateja, mwishowe akaiuza nayo. Hapo sisi vijana hucheka, kisha tunashika mikebe ya mchango tukasimama mlangoni.

Nami nimeushika mkebe huo. Mwaka mmoja tulichanga, kisima kikachimbwa katika kijiji kimoja cha ndani huku Pwani, picha zikapigwa, kibao kikawekwa. Nilipopita huko miaka miwili baadaye, mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kwa kamba na kina mama wamerudi kwenye lambo, wanachota pamoja na ng'ombe. Kilichokufa ni nini? Kijipete cha mpira, kidogo cha kuingia kiganjani. Wallahi niliona haya. Ndipo nikaanza kusoma habari za pampu, na nikakuta sehemu kubwa ya historia yake imeandikwa hapa hapa kwetu, Kwale.

Umoja wa Mataifa uliifanya miaka ya 1981 mpaka 1990 kuwa Muongo wa Maji, ati ifikapo 1990 kila mtu duniani awe na maji safi. Pesa zilimwagwa, visima vikachimbwa Afrika nzima. Lakini pampu nyingi za wakati ule zilikuwa za chuma kizito. Ikiharibika, lazima lije lori na mafundi kutoka mjini, na lori lenyewe huenda halina mafuta. Kijiji kinangoja miezi.

Mwaka 1983 serikali ya Kenya, pamoja na shirika la misaada la Sweden, UNDP na Benki ya Dunia, walianza kujaribu pampu za mkono katika vijiji vya pwani ya kusini. Wahandisi waliona upesi kwamba chuma peke yake hakitoshi, wakaitwa KWAHO, shirika la Kenya la maji na afya. Watu wa KWAHO walikaa na wanakijiji kabla ya bomba kushuka chini. Kila kisima kikawa na kamati yake, kamati ikachangisha na kufungua akaunti ya benki, na kina mama, ambao ndio wachotaji, wakafundishwa kuifungua pampu na kuitengeneza. Wa kushika hazina mara nyingi alikuwa mwanamke. Fikiria, vijijini, miaka ya themanini! Kulikuwa na wazee walionung'unika, lakini maji yakitoka manung'uniko hupungua.

Katika majaribio hayo, yaliyofuatia kazi iliyoanzia Malawi, ndipo ilipokomaa pampu iitwayo Afridev. Huenda umekunywa maji yake bila kujua jina. Mabomba yake ni ya plastiki, spana moja yatosha kuifungua, na vipuri vyake vya ndani hutolewa juu bila kung'oa bomba zima. Michoro yake haikufungiwa na kampuni yoyote, kwa hiyo ikatengenezwa Kenya, India, Pakistan na kwingineko, na leo imetapakaa duniani.

Sasa usidhani mambo yaliisha hapo. Wafadhili walipoondoka, kamati nyingine zililala, akaunti zikakauka, na vipuri vikawa vya kutafutwa mbali. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini ulikadiria kuwa takribani thuluthi moja ya pampu za mkono Afrika kusini mwa Sahara hazifanyi kazi. Na kabla ya hapo, mwaka 2006, yalichangishwa mamilioni ya dola Marekani kwa ajili ya pampu za bembea: watoto wanazunguka wakicheza, maji yanapanda. Picha nzuri kweli! Lakini watoto huchoka, basi mama mzima akawa anasukuma bembea. Kufikia 2010 mpango ule ulikuwa umekwama.

Kilichonivutia mimi ni Kyuso, Kitui. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini ya pampu kifaa kinachotuma ujumbe kwa simu, kuonyesha inatumika au imesimama. Fundi wa karibu akajulishwa. Pampu iliyokuwa ikikaa siku 27 bila matengenezo ikawa inarekebishwa, kwa wastani, chini ya siku tatu. Baadaye kazi ya namna hiyo ikafanywa Kwale pia, wanakijiji wakilipa kidogo kila mwezi na fundi akija akiitwa.

Mwaka huu nilipoleta maneno haya kwenye kikao cha mchango, mwenzetu mmoja aliuliza, "Sasa tuwaambie watu wachange mpira wa pampu? Nani atatoa sadaka kwa mpira?" Tukacheka sote. Lakini mkebe wa pili umewekwa, karibu na viatu, na juu yake tumeandika: VIPURI NA FUNDI. Ukipita baada ya tarawehe utauona.