Hofu ya Resi: Habari za Injini, Kodi na Barabara

Miongoni mwa madereva wa Afrika ya Mashariki yapo mafundisho mawili juu ya resi, nayo yapingana, ilhali kila moja hufundishwa kwa yakini isiyotaka hoja. La kwanza lasema kwamba injini iwashwapo asubuhi sharti ikanyagwe mafuta mara tatu au nne, kwa nguvu, ipate kuchangamka. La pili lasema kwamba kila resi hupunguza umri wa injini, na kwa hiyo dereva mwema hapigi resi kamwe. Nimewasikia watu wawili wa gereji moja wakifundisha kila mmoja lake, na kijana aliyewekwa kati yao akiitikia yote mawili. Katika makala haya nataka kuchungua mafundisho hayo yalitoka wapi, kwa kuwa naamini kwamba swali la lini injini yaweza kupigwa resi bila hatari limejibiwa mara nyingi, kwa majibu mbalimbali, na kila jibu lilikuwa kweli kwa injini ya wakati wake. Makosa yaliingia pale jibu lilipodumu na injini yake ikatoweka.

Injini za kwanza hazikuwa na swali hili. Injini ya Nikolaus Otto ya mwaka 1876 ilizunguka mara 180 hivi kwa dakika, mwendo ambao mtu aweza karibu kuuhesabu kwa macho. Gari la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, lilizunguka kama mara 400. Injini ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach ya mwaka 1885 ilifika 600. Kisha, mwaka 1895, Wafaransa wa De Dion-Bouton walitengeneza kijiinjini kidogo kilichozunguka mara 1,500 na zaidi, na hapo ndipo hofu ilipozaliwa. Maana pistoni haiendi kama gurudumu. Yapanda, yasimama, yashuka, yasimama tena, na kila inaposimamishwa konrodi hubeba mshindo wake. Mizunguko ikizidishwa mara mbili, mshindo huo hauzidi mara mbili bali mara nne. Ikizidishwa mara tatu, mshindo huwa mara tisa. Tena valvu hufungwa na springi, na springi ina wepesi wake usiopita kiasi: injini ikiikimbia, valvu hukutwa iko wazi na pistoni yaja juu.

Ford ya Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilitoa nguvu za farasi 20 kwa mizunguko 1,600 tu, na haikuwa na pampu ya oili. Oili ilirushwarushwa ndani na sehemu zinazozunguka, ikafika ilikofika. Beringi zake zilikuwa za madini laini mfano wa bati, ambayo yakipata moto huyeyuka. Mtu aliyeendesha gari la namna hiyo na kuogopa resi hakuwa mwoga. Alikuwa ameielewa mashine yake. Hakuwa na mshale wa kumwonyesha mizunguko. Alikuwa na sikio.

Basi tungetazamia kwamba pampu za oili na vyuma bora vilipopatikana, hofu ingepungua. Katika Uingereza haikupungua, na sababu yake haikuwa ya kihandisi hata kidogo. Serikali ilitaka kutoza kodi ya magari kwa nguvu za farasi, ikaichukua hesabu iliyotungwa na klabu ya magari ya kifalme: upana wa silinda kwa inchi uzidishwe kwa wenyewe, kisha kwa idadi ya silinda, halafu jumla igawanywe kwa mbili na nusu. Tangu mwaka 1921 mwenye gari alilipa pauni moja kila mwaka kwa kila farasi wa hesabu hiyo. Msomaji ataona kilichosahauliwa. Urefu wa safari ya pistoni, kutoka juu hata chini, haumo katika hesabu. Watengenezaji waliuona upesi kabisa, wakafanya silinda nyembamba na safari ndefu, ili injini iwe kubwa kwa kazi na ndogo kwa mtoza kodi.

Morris Eight ya mwaka 1934 ni mfano ulio wazi. Silinda yake ilikuwa na upana wa milimeta 57 na safari ya milimeta 90. Injini ya umbo hilo huvuta vyema ikiwa polepole, lakini ikiharakishwa pistoni hulazimika kwenda mbali mno kwa muda mfupi mno. Kwa mizunguko 3,000 pistoni ya Morris hiyo yaenda wastani wa meta 9 kwa sekunde. Kodi ile ilipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, umbo halikubadilika siku ile ile, kwa kuwa mitambo ya kiwanda hugharimu fedha nyingi. Lakini mwaka 1959 ilitokea Ford Anglia mpya yenye silinda ya upana wa milimeta 81 na safari ya milimeta 48 tu. Anglia hiyo sharti izunguke mara 5,600 hivi ndipo pistoni yake ifikie zile meta 9 kwa sekunde. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita kati ya magari hayo mawili, na onyo lililokuwa haki kwa la kwanza lilikuwa karibu ushirikina kwa la pili.

Magari ya Kiingereza yalishushwa Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na injini za umbo hilo. Kodi ilibaki kwao. Silinda nyembamba zilikuja kwetu, na pamoja nazo desturi ya kuzitunza. Sidai kwamba fundisho la pili la madereva wetu lina chanzo hicho pekee. Lakini naona ni sehemu kubwa ya habari yake, na napenda kukumbuka kwamba tahadhari iliyofundishwa kama siri ya chuma ilikuwa, kwa sehemu, siri ya hazina ya serikali.

Wakati huo huo Wajerumani walikuwa wakijibu swali lile kwa njia nyingine, nao walilazimishwa na barabara. Tarehe 19 Mei 1935 ilifunguliwa barabara kuu mpya kati ya Frankfurt na Darmstadt, pana, nyofu, isiyo na njia panda. Gari lililoweza kufika kilometa 100 kwa saa kwa dakika chache sasa liliweza kwenda hivyo mpaka mafuta yaishe, na magari mengi hayakuwa yamejengwa kwa kazi hiyo. Oili ilipata moto ikawa nyepesi kama maji, beringi zikaharibika, injini zikanoki. Watu wakajifunza kwamba kasi ambayo gari laweza kuifikia na kasi ambayo laweza kuidumisha ni vitu viwili.

Ferdinand Porsche, aliyekabidhiwa mwaka 1934 kazi ya kubuni gari la watu wote, alitakiwa afanye kasi hizo mbili kuwa moja. Njia yake ilikuwa ya werevu. Hakuifanya injini iweze kustahimili resi yoyote. Aliifanya isiweze kuifikia resi ya hatari iendapo barabarani katika gia ya mwisho. Njia za hewa zilikuwa finyu, hata injini ilikosa pumzi kabla ya kufika mahali pa kujiumiza. Volkswagen ya baada ya vita, yenye sentimeta za ujazo 1,131, ilitoa nguvu zake 25 zote kwa mizunguko 3,300, na kiwanda kilitangaza kwamba upeo wa kasi yake ndio pia mwendo wake wa kudumu. Mtu angeweza kukanyaga mafuta hata sakafuni na kuacha mguu pale. (Haifai kulisifu gari hilo bila kukumbuka kwamba zaidi ya watu laki tatu waliweka akiba kwa ajili yake chini ya utawala wa Hitler, wasipate hata moja kabla ya vita, na kwamba kiwanda chake kilitumia watu waliolazimishwa kazi.)

Huku kwetu gari hilo lilijulikana kwa mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikarudia 1957 na 1962. Sitaki msomaji adhani kwamba ushindi huo ulikuwa wa injini peke yake. Tope la masika lina hukumu zake, na uzito uliokaa juu ya magurudumu ya nyuma ulisaidia sana. Hata hivyo, injini isiyodhurika kwa mguu mzito si msaada mdogo katika safari ya siku kadhaa.

Nirudi sasa kwa lile fundisho la kwanza, la kukanyaga mafuta asubuhi, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoharibu mali nyingi zaidi. Katika miaka ya 1930 mtafiti C. G. Williams, akifanya kazi kwa chama cha wahandisi wa magari cha Uingereza, alichunguza kwa nini silinda hulika. Watu walidhani sababu ni msuguano. Williams alionyesha kwamba sehemu kubwa ilikuwa kutu. Mafuta yakiungua hutoa mvuke wa maji, na silinda ikiwa baridi mvuke huo hugeuka umande wenye asidi juu ya chuma kitupu. Maana ya ugunduzi huo ni kwamba kuiacha injini ingurume muda mrefu mahali pamoja huurefusha ubaridi wake, wala kuipiga resi si dawa, maana oili nzito bado haijafika kila mahali, na pistoni ya alumini hutanuka upesi kuliko silinda ya chuma inayoizunguka. Lililo jema ni kungoja sekunde chache oili ipande, kisha kuondoka taratibu, na kuacha resi mpaka oili yenyewe ipate moto. Nasema oili, si maji. Mshale wa maji hutangulia, na oili hufuata nyuma kwa dakika kadhaa.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya Ulaya yenye theluji. Lakini oili ya injini hufanya kazi yake katika nyuzi 90 au 100 za sentigredi, na gari lililolala Dar es Salaam huamka na nyuzi 25. Mbele ya nyuzi 90, hiyo ni baridi. Oili za majira yote, zilizoenea tangu miaka ya 1950, zimepunguza hatari hiyo, hazikuiondoa.

Injini mpya, au iliyotoka ovaholi, ina habari yake. Zamani vitabu vya magari viliagiza maili 500 za kwanza zisipite mwendo wa maili 30 kwa saa, maana silinda na ringi zilikuwa bado na ukwaru wa mashine. Siku hizi silinda husuguliwa vizuri zaidi kiwandani, ingawa viwanda vingi bado hutaka utulivu kwa kilometa elfu moja au mbili. Fundi mzuri atakuambia pia usizidi upole, kwa kuwa ringi hukaa mahali pake kwa kusukumwa na mzigo. Injini iliyobembelezwa mno huwa na silinda zinazong'aa kama kioo, ikala oili maisha yake yote.

Mwishoni kazi ya kuonya iliondolewa kwa sikio la dereva. Lotus Elan ya mwaka 1962 ilikuwa na kifaa kidogo ndani ya distribyuta kilichokata moto wa plagi mizunguko ilipofika kama 6,500. Siku hizi kompyuta hukata mafuta. BMW M5 ya mwaka 1998 iliwekewa taa katika saa ya mizunguko, zikazimika moja moja kadiri oili ilivyopata moto, zikimfungulia dereva mizunguko zaidi.

Lakini vifaa hivyo vyote hutawala moto na mafuta tu. Lori lishukapo Kitonga na shehena, dereva akakosea akaingiza gia ndogo kwa kasi kubwa, kompyuta haina la kukata. Injini huzungushwa na magurudumu, tani thelathini zikiisukuma kutoka nyuma, na valvu hukutana na pistoni bila tone la mafuta kuingia.