Soda ya barafu yenye gesi ndani: Kwa nini usiitengeneze kwenye chupa nyumbani

Umewahi kugandisha soda kwenye friza? Barafu yake haina raha: upande mmoja tamu, mwingine maji matupu, na gesi imekwisha. Maji yakiganda kuwa barafu ya kawaida hayana nafasi ya kubeba gesi, hivyo yanaitoa.

Ila kuna barafu nyingine inayobeba gesi, wataalamu huiita haidreti. Humo molekuli za maji hujipanga kama vizimba vidogo, na gesi hubaki imefungiwa ndani. Mkemia Muingereza Humphry Davy aliieleza ile ya klorini mwanzoni mwa karne ya 19. Ya kaboni dayoksaidi, gesi ileile ya soda, ikiyeyuka mdomoni huachia mapovu na kutoa milio midogo. Ndiyo maana kuna wanaotamani kuitengeneza jikoni.

Tatizo ni presha. Kwenye nyuzi joto 0 za Selsiasi, haidreti hiyo inahitaji presha takriban mara 12 ya hewa inayotuzunguka. Linganisha na tairi la gari dogo: ni kama mara tano ya upepo wake. Soda iliyo kwenye friji haifiki hata nusu ya hapo, na chupa ya plastiki ikisukumwa hadi kiwango hicho inaweza kupasuka.

Hapo ndipo mtu anapata wazo la kutia barafu kavu kwenye chupa na kufunga kizibo. Usithubutu. Kilo 1 ya barafu kavu hutoa takriban lita 500 za gesi, kwa hiyo umeshika bomu. Vipande vya chupa vikiruka, macho na vidole ndivyo vya kwanza kuumia. Barafu kavu yenyewe ina baridi ya nyuzi -78, inaunguza ngozi, na gesi yake kwenye chumba kilichofungwa inaweza kumkosesha mtu pumzi.

Njia salama haina haidreti, ila inaburudisha. Omar Knedlik, mwenye mgahawa huko Kansas, Marekani, aliigundua miaka ya 1950 mashine yake ya soda ilipoharibika akaweka chupa kwenye friza. Wateja waliipenda.

Weka soda ya chupa ya plastiki kwenye friza kama saa tatu hivi, ikiwa bado majimaji. Itoe, fungua kizibo taratibu, mimina kwenye bakuli baridi. Mapovu yakianza, inageuka uji wa barafu mbele ya macho yako, na gesi kiasi inabaki.

Weka alamu kwenye simu usije ukaisahau. Chupa ya kioo usiiweke kabisa: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kioo hakinyumbuki.