Jinsi ya kusaidia makao ya wanyama waliotupwa

Msikilizaji, watoto wa mbwa wakitupwa kando ya barabara, wengi hufa. Wanaopona huwa mbwa koko. Hapa Kenya, shirika la KSPCA, lililoanzishwa mwaka 1910 na lenye makao makuu Nairobi, huwaokoa wanyama wa namna hiyo, huwatibu na kuwatafutia nyumba mpya.

Unaweza kusaidia hata kama mfuko ni mwembamba:

- Ukiona mnyama anateswa, piga simu na ueleze mahali hasa. Kutesa mnyama ni kosa chini ya Sheria, Sura ya 360.
- Peleka blanketi kuukuu, magazeti au chakula.
- Ukitaka mbwa au paka, mchukue kwenye makao badala ya kununua.
- Kabla ya kutuma pesa kwa simu, hakikisha nambari na ofisi yenyewe.
- Usimshike mbwa usiyemjua. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini msaada mkubwa unaanzia nyumbani kwako. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na anaweza kuzaa watoto sita au zaidi. Muulize daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi jike na kumhasi dume, na uwachanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Makao yatajaa kila mwaka ikiwa sisi tunaendelea kutupa.