Mpaka wa Taveta: wa maji ama wa karatasi?

Wasee, ile stori ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya bathidei, tuiache sasa. Waingereza na Wajerumani walielewana kuhusu huo mpaka 1886. Wilhelm akawa Kaiser 1888. Hesabu inakataa.

Stori ya ukweli ni kali zaidi, na inatuhusu sisi wa Mboghoni. Mkataba wa 1890 unasema mstari uanzie pwani kwenye mto Umba, unyooke hadi Ziwa Jipe, upite mashariki na kaskazini mwa ziwa, uvuke Lumi, kisha upite katikati ya nchi ya Wataveta na ya Wachagga. Katikati wapi? Hapo karatasi imenyamaza.

Sasa, huku chini si kama milimani. Mlimani unaonyesha tu ule mgongo, unasema mpaka ni pale. Tambarare haina mgongo. Kinachotenganisha kitu na kingine ni maji. Mvua ya Kilimanjaro inazama chini ya mwamba, inatembea, halafu inatokea huku kama chemchemi. Penye maji kuna msitu na migomba. Ukitoka kidogo tu, uko nyika, miiba na vumbi.

Wataveta wa zamani waliishi ndani ya huo msitu. Njia za kuingia zilikuwa nyembamba na zilikuwa na malango. Misafara ya pwani ilipumzika hapo, na Joseph Thomson alipita 1883. Ukingo wa msitu ndio ulikuwa mpaka, na kila mtu aliujua bila ramani. Lakini haukuwa ukuta: watu walitoka kufanya biashara na Wachagga, wageni wakabisha hodi wakaingia.

Baadaye ikaja mistari mingine. Mashamba makubwa ya mkonge yakachukua ardhi. 1948 Tsavo ikawa mbuga ya taifa. Na ule mstari wa wakubwa wenyewe haukutulia: mkataba ulisema upite kando ya Jipe, leo unapita ndani ya ziwa. Chala nayo imekatwa vipande viwili.

Sasa ona matokeo. Ndovu hajasoma notisi ya mbuga, anafuata maji, na maji yako shambani kwa mama yako. Lumi ikifurika haiulizi title deed ni ya nani. Mkulima amebanwa katikati, halafu anaambiwa ati yeye ndiye aliyevuka mpaka.

Msimamo wangu ni huu: huku tambarare, mpaka unaopuuza maji ni ugomvi uliowekewa tarehe. Kwa hivyo mwanasiasa akikuja na maneno ya "mpaka wetu wa jadi", muulize swali moja tu: wa maji ama wa karatasi?

Na kwenu je, wazee wanasema mpaka ulikuwa wapi? Waulizeni wakiwa bado wapo.