Nakala za Ng'ambo: Historia ya Kupotea na Kurudi kwa Mchezo wa Televisheni

Mchezo wa televisheni uitwao Doctor Who ulianza kuonyeshwa na BBC huko Uingereza tarehe 23 Novemba, 1963. Hata ulipofika mwaka wa 1969, vilikwisha kutolewa vipande 253, vyote visivyo na rangi. Mtazamaji wa leo aweza kuununua mchezo huo na kuutazama nyumbani kwake. Lakini hawezi kuupata wote, kwa kuwa sehemu kubwa iliharibiwa na wale wale walioutengeneza.

Uharibifu huo haukutokana na uadui. Ukanda wa sumaku wa wakati ule ulikuwa na upana wa inchi mbili na bei yake ilikuwa kubwa, tena uliweza kufutwa na kutumiwa upya. Mapatano na chama cha waigizaji yaliweka mipaka ya kurudia mchezo. Kisha, rangi zilipoingia katika televisheni ya Uingereza mwaka wa 1967, michezo isiyo na rangi ikapungukiwa na wanunuzi. Mashine za kuonyeshea kanda nyumbani zilikuwa hazijaenea. Basi, kitu kisichorudiwa wala kuuzwa kilihesabiwa kuwa kinajaza rafu bure, na kazi ya kufuta na kuteketeza ikaendelea hadi mwaka wa 1978.

Kilichookoa sehemu iliyosalia ni biashara. Kabla ya kanda kufutwa, vipande vingi vilinakiliwa katika filamu za milimita 16 ili viuzwe kwa vituo vya ng'ambo. Kituo kikimaliza kuzionyesha, kilitakiwa kuzirudisha, kuzipeleka kituo kingine, au kuziharibu. Penye uzembe wa kutimiza sharti hilo ndipo palipopatikana faida. Katika mwaka wa 1991 vipande vyote vinne vya The Tomb of the Cybermen vilionekana Hong Kong, na mwaka uliofuata vikauzwa katika kanda za video. Katika mwaka wa 2013 ikatangazwa kwamba vipande tisa vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana Jos, nchini Nijeria. Hata hivyo, vilibaki 97 visivyoonekana.

Jambo hili si geni kwa wachunguzi wa maandiko ya Kiswahili. Nakala ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya mwaka 1728 imehifadhiwa Hamburg, mbali sana na Pate ulikotungwa. Aghalabu kazi huokolewa na nakala iliyosafiri, wala si na ile iliyobaki kwa mwenyewe.

Lakini kupatikana ni jambo moja, na kutolewa upya ni jambo jingine. Sauti za vipande vyote vilivyopotea zipo, kwa sababu watazamaji walizinasa majumbani mwao wakati wa maonyesho. Kwa hiyo, katika DVD ya The Invasion iliyotolewa mwaka wa 2006, vipande viwili visivyo na picha vilichorewa katuni zinazofuata sauti ya asili. Mwaka wa 2016 The Power of the Daleks, wenye vipande sita, ulichorwa wote.

Hapa ndipo penye swali. Mchoro huo si mchezo uliopotea. Ni fasiri yake. Mhariri wa utenzi akijaza beti zilizoliwa na mchwa, humpasa aonyeshe mahali alipotia mkono wake, ili wino wake usidhaniwe kuwa wa mtunzi. Wauzaji wa michezo ya kale wana wajibu huo huo, na zaidi, kwani mtoto atakayeuona mchoro kwanza ataukumbuka kama ndio asili.

Kadhalika, soko lililoiokoa michezo hii ndilo linalochagua ipi itengenezwe. Doctor Who una wapenzi wengi, nao wako tayari kulipa. Mchezo usio na wapenzi huachwa katika mikebe yake. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Lakini filamu huoza, na harufu yake kali kama siki hutangulia kutoa habari. Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi haifai kungoja wanunuzi.